Mzizi, Silabi na Herufi: Historia Fupi ya Kutafuta Maneno Ndani ya Herufi, kwa Kurejelea Jina la Kamenu

1.0 Utangulizi

Kamenu ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Thika Mjini katika Kaunti ya Kiambu; nyingine ni Township, Hospital, Gatuanyaga na Ngoliba. Mtafiti wa fasihi hana sababu ya wazi ya kulichukua jina hili kuwa mfano wake. Sababu yetu inatokana na zoezi ambalo mwalimu yeyote wa Kiingereza katika shule ya msingi analifahamu. Neno huandikwa ubaoni, na wanafunzi huagizwa watafute maneno mengi kadiri wawezavyo katika herufi zake, kwa sharti kwamba herufi iliyoonekana mara moja isitumiwe mara mbili katika neno moja. Jina la Kamenu likiandikwa ubaoni, mwanafunzi atapata 'make', 'name', 'mean', 'mane', 'amen' na 'menu'. Akizidi kuvumilia atapata 'unmake', neno linalozitumia herufi zote sita bila kusaza hata moja. Maana yake ni kutengua kile kilichokwisha kufanywa.

Si vigumu kuona kishawishi kinachomkabili mhakiki hapa. Mji wa Thika umo katika ardhi ya Kiambu, ambako ukoloni ulitengua mengi, na jina la mtaa wake mmoja linapopangwa upya katika lugha ya mkoloni linatoa neno la kutengua. Insha nzima ingeweza kuandikwa juu ya jambo hili, tena insha ya kuvutia. Makala haya yanakusudia kuonyesha ni kwa nini insha hiyo isingekuwa na msingi, na kuonyesha hivyo kwa njia ya historia.

Hoja yetu ni hii. Kutafuta maneno ndani ya herufi si kitendo kimoja chenye sura ileile kila mahali. Kila jadi ya maandishi huchagua kwanza kipashio kitakachogeuzwageuzwa, kiwe ni konsonanti za mzizi, silabi, au herufi iliyosimama peke yake. Baada ya hapo huchagua orodha ya maneno yatakayokubaliwa. Katika Afrika Mashariki jadi tatu za aina hii zimekutana: ya Kiarabu, ya Kiswahili cha pwani na ya Kiingereza. Mhakiki asiyetambua ni ipi kati ya hizo anayoitumia hudhani amekigundua ndani ya matini kitu ambacho kwa hakika amekileta mwenyewe.

2.0 Mzizi: al-Khalil na Hesabu ya Maneno

Mtu wa kwanza kuigeuza kazi hii kuwa elimu yenye utaratibu alikuwa al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Oman karibu na mwaka 718 na kuishi Basra. Wanafunzi wetu wa ushairi wanamjua kuwa mwasisi wa arudhi, elimu ya bahari za ushairi wa Kiarabu. Ni mara chache wanaambiwa kwamba ndiye pia aliyeiasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, ambayo inasemekana ilikamilishwa na mwanafunzi wake, al-Layth.

Kamusi hiyo haikupangwa kwa alifu, be, te. Al-Khalil alianza na sauti zitokazo kooni na kusonga mbele hadi midomoni, na ndiyo maana kitabu kikapewa jina la herufi ayn. Lakini linalotuhusu zaidi ni namna alivyoyakusanya maneno. Alichukua konsonanti za mzizi na kuzigeuzageuza katika kila mpangilio uwezekanao. Mzizi wa konsonanti mbili hutoa mipangilio 2, wa tatu hutoa 6, wa nne hutoa 24, na wa tano hutoa 120. Katika kila kundi alitenga mipangilio inayotumiwa na Waarabu na ile iliyoachwa bila kutumiwa. Shabaha yake ilikuwa kuizungushia lugha ua, ili lisibaki neno lililo nje ya hesabu.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulionja jambo hili kwa maneno yaliyomo katika lugha yake. Konsonanti k, l na m kwa mpangilio huo zimetupa kalima. Zikiwa k, m, l zimetupa kamili. Zikiwa m, l, k zimetupa miliki na malkia. Maneno hayo yote, kwa utaratibu wa al-Khalil, hukaa katika mlango mmoja wa kamusi, ingawa kimaana hayana undugu. Undugu wa maana umo ndani ya kila mpangilio mmoja: kitabu, katibu, katiba, maktaba na mkataba ni watoto wa k, t, b.

Hata hivyo maneno hayo yalipofika pwani yetu yalikuta sarufi nyingine. Kiswahili kiliisikia ki ya mwanzo wa kitabu kuwa kiambishi cha ngeli, na kikasema vitabu. Konsonanti ya kwanza ya mzizi ikawa imeondoka, na mtu atafutaye k, t, b katika vitabu hatazipata. Kwa upande mwingine, mtu huyo huyo atazipata katika kutubu, ambalo halitokani na mzizi huo, kwani k yake ni ya kiambishi cha kitenzi-jina. Atazipata katika tabaka, ambalo kwa Kiarabu lina t na k za aina nyingine. Na atazipata katika kutoboa, neno la Kibantu lisilo na uhusiano wowote na uandishi. Utaratibu uliokuwa barabara katika lugha moja huzaa jamaa wa uongo katika lugha ya pili.

3.0 Silabi: Kinyume, Vina na Beti za Alfabeti

Waswahili walipoipokea hati ya Kiarabu hawakuzipokea herufi kuwa vitu vya kusimama peke yake. Mtoto wa chuoni alifundishwa herufi pamoja na irabu zake: ba, bi, bu. Alichokisoma tangu siku ya kwanza kilikuwa silabi, na hilo lilikubaliana na lugha yenyewe, ambayo silabi zake nyingi ni wazi na maneno yake asilia huishia na vokali.

Ushahidi wa kwanza wa jambo hili tunaupata katika mchezo wa maneno uitwao kinyume. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, alitia mifano ya usemi huo, ambao Waswahili waliutumia kufichiana siri na kupimana akili. Kanuni yake ni kuitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele. Kwa kanuni hiyo kazi husemwa zika, na kata husemwa taka. Tuangalie kwamba hapana aliyeligeuza neno kata kwa kulisoma herufi moja moja kutoka nyuma. Kipande kilichohamishwa ni ta, si a wala t.

Ushahidi wa pili ni sheria za utungaji. Kaluta Amri Abedi alipoziandika mwaka 1954, alikuwa akiyaweka katika chapa yale ambayo washairi walikuwa wakiyatenda kwa muda mrefu. Mizani ni hesabu ya silabi. Kina ni silabi nzima: kata hupatana na pita kwa sababu zote mbili huishia na ta, na wala hazipatani na soma kwa kuwa tu zote tatu zina a ya mwisho. Mshairi anayetafuta neno la kufungia mshororo anafanya hasa kazi inayojadiliwa hapa, yaani anatafuta katika akili yake maneno yote yenye silabi fulani mahali fulani. Tofauti ni kwamba neno alipatalo halitoshi kuwepo tu. Lazima lichukue sehemu yake ya maana ya ubeti, la sivyo wasikilizaji watasema amejaza.

Ushahidi wa tatu unaonekana mwanzoni kama unaipinga hoja yetu. Ni utenzi wa Dura Mandhuma, unaonasibishwa na Sayyid Umar bin Amin aliyekuwa kadhi wa Siu katika karne ya 19, ambao beti zake hufuata mfuatano wa herufi za Kiarabu. Hapa mshairi amepewa herufi na anatakiwa kulitafuta neno. Lakini herufi hiyo ni mlango tu. Ikisha kufunguka, kinachoingia ni mafundisho ya dini, na mfuatano wa alfabeti unamsaidia mwanafunzi kuyahifadhi. Ni hivyo pia katika hesabu ya abjadi, ambayo hukipa kila alama thamani, alifu 1, be 2, na kuendelea. Mnajimu aliyelijumlisha jina la mtu kwa abjadi alikuwa akilitafutia jina hilo maana, ikubalike au isikubalike kwetu leo. Katika jadi ya pwani, kwa kifupi, hatuoni utafutaji wa maneno ambao mwisho wake ni idadi ya maneno yaliyopatikana.

4.0 Herufi: Kiingereza Kati ya 1913 na 1948

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Tarehe 21 Desemba ya mwaka huohuo, gazeti la New York World lilichapisha fumbo la miraba lililotungwa na Arthur Wynne, ambalo huhesabiwa kuwa chemshabongo ya kwanza ya maneno mtambuka kwa sura tunayoijua. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Lakini katika nusu karne iliyofuata, lugha iliyoletwa bara na reli na mashamba ya walowezi ndiyo iliyoleta pia magazeti yenye mafumbo ya namna hiyo, na shule zilizowafunza watoto wa Kiafrika kulipasua neno la Kiingereza herufi kwa herufi, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza haina njia nyingine ya kukaririwa.

Mchezo ulioufikisha utaratibu huu kwenye kilele chake ni Scrabble. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi katika mdororo wa uchumi, aliubuni katika miaka ya 1930, na mwaka 1948 James Brunot akaupa jina hilo. Butts alihesabu ni mara ngapi kila herufi hutokea katika kurasa za magazeti ya Kiingereza. Kutokana na hesabu hiyo alipanga vipande 100: 12 vya E, 9 vya A, 9 vya I, 8 vya O, na kipande kimoja kimoja tu cha J, K, Q, X na Z, pamoja na vipande viwili vitupu viwezavyo kuchukua nafasi ya herufi yoyote. Herufi adimu zilipewa alama nyingi. K ina alama 5. Q na Z zina 10 kila moja.

Wazo la Butts linafanana na la al-Khalil kwa kuwa wote wawili waliitazama lugha kwa jicho la hesabu. Linatofautiana naye katika shabaha. Al-Khalil aligeuza konsonanti ili ayakusanye maneno na kuyafasiri. Mchezaji wa Scrabble anageuza herufi ili ayapate maneno na kuyaacha, kwa maana alama huhesabiwa kwa vipande na mahali vilipowekwa ubaoni, wala haulizwi maana. Uthabiti wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2015, pale Nigel Richards wa New Zealand, asiyezungumza Kifaransa, alipoihifadhi orodha ya maneno ya Kifaransa na kuutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo kwa lugha hiyo. Mwaka 2024 akautwaa na ule wa Kihispania.

Hatusemi haya kwa dharau. Mashindano ya dunia ya Kiingereza yalianza London mwaka 1991, na Wakenya wamekuwa miongoni mwa washiriki wake. Mwaka 2015 bingwa wake alikuwa Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kulipata taji hilo. Mtu anaweza kusema, na asiwe amekosea, kwamba mchezo usiouliza maana wala lafudhi ni uwanja wenye haki zaidi kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha ya mama yake. Mtoto wa Kamenu aliyeliona 'unmake' ndani ya jina la mtaa wake ameonyesha umahiri wa kweli. Swali letu ni umahiri huo unampa nini anaporudi kwenye lugha anazoishi nazo.

5.0 Vipande 100 na Neno la Kiswahili

Tujaribu kuvitumia vipande vya Butts kuandika Kiswahili. Baba yaweza kuandikwa, maana B ni mbili. Mama na dada pia. Kaka haiwezi, kwa sababu K ni moja tu, isipokuwa mchezaji atumie kipande kitupu. Kuku na kikapu hayawezi kwa sababu ileile. Wanawake yaweza, lakini inamaliza W zote mbili zilizomo mfukoni. Upande wa pili, Q na X, ambazo Butts alizipa alama nyingi kwa uadimu wake, hazimo kabisa katika tahajia sanifu ya Kiswahili, na C haipatikani ila ikiwa imefuatwa na H. Hesabu iliyofanywa juu ya magazeti ya Marekani ni hesabu ya lugha moja, na ikihamishwa inakuwa adhabu kwa lugha nyingine.

Tatizo la idadi linaweza kutatuliwa kwa kuvihesabu vipande upya. Tatizo la sarufi ni kubwa zaidi. Neno la Kiingereza hukua hasa kwa nyuma, na mchezaji huongeza S mwishoni ili kupata wingi. Neno la Kiswahili hukua kwa mbele na kwa nyuma: soma, anasoma, wanasomeana. Wingi wake mara nyingi hauongezi kitu bali hubadilisha: kiti huwa viti. Sheria za mchezo haziruhusu kipande kilichokwisha kuwekwa kiondolewe, na kwa hiyo wingi wa ngeli nzima hauna njia ya kupatikana ubaoni.

Halafu kuna swali la mwamuzi. Katika Kiingereza mabishano humalizwa kwa kuifungua orodha. Je, hawatasomeana ni neno? Kila mzungumzaji atajibu ndiyo. Lakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 haiwezi kuliorodhesha, wala haitakiwi. Kabla yake, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilijaribu kuzikaribia tabia za Kibantu kwa kuvikusanya vinyambuo vingi chini ya vitenzi vyao vya asili. Watunzi wa kamusi hizo walikuwa wakilijibu kila mmoja kwa namna yake swali ambalo mchezo wa herufi haulioni: neno la Kiswahili huanzia wapi na kuishia wapi? Ninakupenda ni neno moja kwetu na maneno matatu kwa Mwingereza.

Jina la mji wenyewe linaonyesha tatizo la tatu. Katika T, H, I, K na A Mwingereza anapata 'hat', 'kit', 'kith' na hata 'khat', tahajia yake ya jina la miraa. Mswahili anapata hati, haki, kati, tai, tia na ita. Mavuno ni mazuri. Lakini katika Kikuyu, lugha ambayo jina hilo linatamkwa kwayo na wenyeji, th ni sauti moja iliyoandikwa kwa alama mbili. Anayeitoa h na kuiweka mwanzoni mwa haki ameuvunja mfupa mmoja na kuuhesabu kuwa miwili. Thika si herufi tano ila kwa karani. Kwa msemaji ni sauti nne na silabi mbili.

Mambo haya hayakuwa ya kinadharia kwa mtoto wa shule wa Kenya. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na ni katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ndipo Kiswahili kilipolazimishwa na kutahiniwa katika shule za msingi. Kwa vizazi kadhaa kabla ya hapo, zoezi la kutafuta maneno ndani ya herufi lilikuwa zoezi la Kiingereza peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru katika Kiambu hiyohiyo, alieleza mwaka 1986 katika Decolonising the Mind jinsi watoto walivyoadhibiwa shuleni kwa kuizungumza lugha yao. Zoezi letu halikuwa na kiboko. Lakini nalo lilifundisha, kimyakimya, kwamba Kiingereza ndiyo lugha ambayo maneno yake yanastahili kutafutwa.

6.0 Sadfa na Ufundi: Somo la Saussure

Hadi hapa tumeusema mchezo. Wahakiki nao wana mchezo wao. Kati ya mwaka 1906 na 1909, Ferdinand de Saussure alijaza madaftari mengi akitafuta majina yaliyofichwa katika ushairi wa Kilatini. Aliamini kwamba washairi wa kale walilichukua jina la mungu au la shujaa, wakazitawanya sauti zake ndani ya mishororo, na kwamba msikilizaji hodari aliweza kulisikia. Aliyapata majina mengi mno. Aliyapata hata pale ambapo hakuyatazamia, na hilo ndilo lililomtia mashaka: kama yanapatikana popote, pengine hayakuwekwa na mtu. Mwaka 1909 alimwandikia Giovanni Pascoli, profesa na mshairi aliyekuwa akitunga kwa Kilatini, kumwuliza kama ufundi huo ulikuwa wa makusudi. Barua yake ya pili haikujibiwa, naye akaiacha kazi hiyo bila kuichapisha. Tunaijua kutokana na kitabu ambacho Jean Starobinski alikitoa mwaka 1971.

Saussure alistahili heshima kwa kutokichapisha kile ambacho hakuweza kukithibitisha. Turudi Kamenu na kulitumia somo lake. Kwa herufi, katika Kiingereza, jina hili limetoa 'unmake'. Lakini herufi zilezile zinatupa katika Kiswahili neno ukame. Na herufi tano za ukame, bila kuongeza wala kupunguza, zikipangwa upya zinatupa kumea. Mhakiki mwenye huzuni ataichukua ukame na kuiunganisha na 'unmake'. Mwenye matumaini ataichukua kumea na kutukumbusha mashamba ya Thika. Wote wawili watakuwa wamesoma jina lilelile kwa njia ileile, na hakuna kitu katika jina hilo kitakachoamua kati yao.

Tuliandike sasa kwa hati ya Kiarabu. Konsonanti zake ni k, m na n, na kwa mazoea ya hati hiyo e ya Kiswahili huandikwa kwa irabu ya i. 'Unmake' imetoweka, ukame umetoweka. Mahali pake msomaji wa Kiarabu anauona mzizi k-m-n, ambao maana yake ni kujificha na kuvizia. Naye pia angeweza kuanza kuhubiri. Tulichukue mwisho kwa silabi, kama mtu wa kinyume: ka, me, nu. Herufi sita zilikuwa na mipangilio 720. Silabi tatu zina 6 tu, idadi ileile ya mzizi wa al-Khalil wa konsonanti tatu. Tukiondoa jina lenyewe inabaki kanume, mekanu, menuka, nukame na numeka, na hakuna hata moja iliyo neno la Kiswahili sanifu. Kwa kipimo cha silabi hata ukame na kumea haziwi tena pacha: u-ka-me na ku-me-a zinashirikiana silabi moja peke yake.

Kwa hiyo kutengua, ukame, kumea, kujificha na kimya vyote vimo katika jina moja, kutegemea kipashio na orodha iliyochaguliwa na mtafutaji. Hiyo ndiyo maana ya sadfa. Ufundi ni kitu kingine, na una dalili zake. Kipashio chake ni kile ambacho jadi ya mtunzi yenyewe hukitumia. Hujirudia mahali panapotazamiwa. Tena kukiondoa huharibu matini. Beti za Dura Mandhuma zinapita mtihani huu, kwa maana zikipanguliwa mfuatano wake unapotea na wasomaji wote wanaona. Vina vya shairi lolote la arudhi vinaupita. 'Unmake' ndani ya Kamenu haiupiti hata kidogo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kazi ya kutafuta maneno ndani ya herufi ina historia ndefu katika eneo letu, na kwamba haikuanza na vipande vya mbao wala na magazeti ya Kiingereza. Al-Khalil aligeuza mizizi ili aihifadhi lugha. Watu wa pwani waligeuza silabi ili wafichiane siri, wafundishane dini na watunge kwa kipimo. Kiingereza cha karne ya 20 kiligeuza herufi kwa ajili ya ushindani, na kwa kuwa ndicho kilichotawala darasani, wengi wetu tulidhani hiyo ndiyo njia pekee.

Yapo mambo mawili ya kufuata. La kwanza linamhusu mwalimu. Zoezi hili si baya na lisiachwe, ila lifanywe na kwa Kiswahili, tena kwa silabi. Mwanafunzi apewe ka, ta, pa, li, ma, si, na atafute kata, taka, paka, pata, lima, mali, kasi, kisha aulizwe maana ya kila neno na aliweke katika mshororo wenye mizani. Atakuwa amefanya kazi ya kuhesabu, kazi ya msamiati na kazi ya utunzi kwa pamoja, kama alivyofanya mtoto wa Siu. La pili linamhusu mhakiki. Kabla hajatuambia ni neno gani amelikuta limefichwa katika shairi au katika jina, atuambie kwanza ametafuta kwa kipashio gani, na ni maneno mangapi mengine aliyoyapata akayaacha.

Tunajua kwamba ushauri huu utaziondoa baadhi ya insha za kuvutia. Ile tuliyoitaja mwanzoni ni mojawapo. Lakini jina la Kamenu lilikuwapo midomoni mwa watu kabla halijawekwa ubaoni na kupasuliwa. Anayeishi huko hulisema kwa silabi tatu, kwa mpangilio mmoja, na husikika.